Chui Wako Hakufa kwa Dadu

Sahibu yangu Simai,

Nakuandikia barua ambayo wewe hutaisoma na watu nisiowajua wataisoma, na nimetaka iwe hivyo. Niliyokufanyia nilikufanyia mbele za watu, basi na kuyasema niyaseme mbele za watu. Nimeianza mara nyingi nikaichana. Kila nikiianza najikuta najitetea, na mtu wa umri wangu anayejitetea kwa marehemu anachekesha.

Nianze na kitabu. Unakikumbuka kile kinene, jalada limeng'oka, alichokiacha kwetu binamu yangu aliyekuja likizo kutoka Ulaya? Kilikuja na mfuko wa dadu za ajabu, moja ya pande nne, nyingine ya pande nane, na ile kubwa ya pande ishirini ambayo mama aliidhani ni kizibo cha chupa ya manukato. Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, umeme ukikatika upendavyo, na sisi wanafunzi wa sekondari tukapata mchezo usio na ubao, usio na karata na usio na mshindi. Mmoja anasimulia ulimwengu. Wengine kila mmoja ana mtu wake kwenye karatasi, anasema mtu huyo anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka dadu ndizo zinazoamua. Kitabu kilikuwa cha kwetu na Kiingereza changu hakikuwa kibaya, basi Msimulizi nikawa mimi. Hakuna aliyenichagua.

Tulikuwa wanne. Kila Ijumaa baada ya sala na chakula tulikaa chumba cha juu cha nyumba yetu pale Kiponda, mlango tumeuacha wazi upepo upite. Dada yangu Zuleikha alikuwa mwizi mwenye vidole vyepesi. Rashid, jirani yetu, mpenda hesabu, alikuwa askari wa panga. Na wewe, uliyetoka Uroa kuja kusoma mjini na kukaa kwa shangazi yako Bi Pili kule Ng'ambo, ulichagua mchawi. Hatukuwa na neno jingine la kumwita. Mbele ya mama tulimwita tabibu, na mama, Mungu amrehemu, aliwahi kutuuliza tabibu gani huyo kila wiki anachoma nyumba za watu.

Kitabu kilisema mchawi anaweza kumwita mnyama mdogo wa kufuatana naye popote: paka, kunguru, chura, bundi. Bundi Zuleikha alikataa asitajwe ndani ya nyumba, hata akiwa wa karatasi. Nilikusomea orodha nzima, nikangoja.

"Simtaki hata mmoja katika hao," ulisema. "Mie nnataka chui."

"Chui hamna kitabuni."

"Basi kitabu hichi hakijafika Unguja."

Rashid alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Mimi nilijifanya hakimu, nikakukubalia mtoto wa chui asiyezidi paka kwa ukubwa, kwa sharti kwamba hatakua maisha. Ukaridhika. Ukampa jina la Subira.

Ubishi ulianza siku ile ile. Rashid alichukua kalamu, akaandika kila tunachotoa na kila tunachopata, kisha akatusomea kama mwalimu anayesoma majina ya waliofeli. Siku nzima ya kumwita mnyama, bila ya kula, kwa ubani na dua. Mshale mmoja tu, kwisha habari yake. Na akifa, mchawi naye anapungukiwa na uhai, sehemu ambayo hairudi tena. "Na unapata nini?" aliuliza. "Masikio kidogo. Masikio mimi ninayo yangu." Niliafiki. Nilisema mchawi mwenye akili hujifunza uchawi mmoja zaidi akaachana na mifugo. Wewe ulikuwa unachonga penseli, na hukunyanyua hata kichwa.

"Hiyo mnayoiita hasara ndo faida yenyewe," ulisema. "Akiumia na mie naumia. Kama angekufa nisihisi kitu, si angekuwa panga tu? Panga Rashid analo."

Tulikucheka. Lakini wiki hadi wiki Subira akawa mwenzetu wa tano. Hukumtuma hata siku moja kumdhuru mtu. Nikikuuliza, "Humtumi?" ulijibu, "Sitomtuma," ukaishia hapo. Alinusa milango, alilala miguuni mwa mchawi wako, akaondoka akarudi na nyayo mbichi, nawe ukashusha sauti kutueleza alikotoka. Zuleikha aliweka kikombe chini kila ukianza. Mimi nilishinda wiki nzima nikiandika ngome na wafalme kwenye daftari langu, ikifika Ijumaa watu wanataka kujua chui amekula nini. Nilikuonea wivu, Simai. Nasema hivyo bila ya kulipamba. Mchezo ulikuwa wangu, na watu walikuwa wakikusikiliza wewe.

Kisha ukanialika Uroa sikukuu. Mama yako, Bi Mize, alikuwa kwenye maji mafupi na wanawake wenzake akifunga mwani kwenye kamba, akanipungia mkono kwa mbali kama anayenijua toka utotoni. Tulikaa kwenye mchanga tukamngoja. Hapo ndipo uliponieleza habari za babu yako.

Alikuwa akiwapa watoto dawa za majani, nawe ulikuwa hujazaliwa, na chui walikuwa bado wapo msituni. Mbuzi wa watu wakaanza kupotea. Huko mashamba mtu haambiwi chui kala mbuzi kwa njaa yake. Huulizwa ni chui wa nani, nani anayemfuga na nani aliyemtuma. Wakamtaja babu yako. Walimjia na ngoma na nyavu na mikuki, wakamfunga, wakampiga mpaka akakiri kuwa anaye. Siku mbili aliwatembeza msituni kumtafuta mnyama asiyekuwepo. Siku ya tatu akatokea chui wa Mungu tu, wakamuua, wakasema ndiye. Toka hapo nyinyi mkawa kizazi cha mfuga chui. Watu walikuwa hawapokei hata maji mikononi mwa bibi yako.

"Nilimuuliza nilipokuwa mdogo," ulisema. "Nikamwambia, babu, kweli ulikuwa nae?"

"Akasemaje?"

"Akasema, ningekuwa nae ningemwambia akimbie."

Ulichora kitu mchangani ukakifuta. Kisha ukaniambia mjini hakuna anayejua. Bi Pili amekaa Ng'ambo miaka yote hiyo, anapika vitumbua vyake mlangoni, watu wanakula, na hakuna anayejua. Ukaniomba pabaki hivyo. Nilikuapia. Nilisema, "Wallahi simwambii mtu," na mkono niliuweka kifuani.

Hazikupita wiki nyingi. Nilikaa na daftari langu, nikaandika kijiji chenye ngoma na nyavu na mikuki, na mzee aliyefungwa kwenye mnazi. Nilijiambia nakutengenezea zawadi, kwamba utaingia pale na mchawi wako umwokoe mzee yule, na moyo wako utapoa. Huo ni uongo mzuri na niliushika miaka mingi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na Subira. Nilitaka kuwathibitishia wote kwamba Rashid na mimi tulisema kweli, na sikuwa na hadithi nyingine yenye nguvu kama ile uliyonipa.

Nilipoanza kusimulia ulinitazama. Nilikwepa macho yako, nikaendelea.

"Wanamuuliza mzee, chui wako yuko wapi?"

"Simai, mtume Subira akakate kamba," alisema Zuleikha, maskini, hajui kitu. "Si kumdhuru mtu. Akakate kamba tu."

Uliiweka penseli chini. Kisha ulisema sawa, aende. Ndiyo mara ya pekee uliyomtuma. Nilitangaza kwamba akipata kumi au zaidi kwenye dadu ya pande ishirini, atapita kati ya watu, atakata kamba na kurudi. Chini ya hapo atakamatwa. Nikairusha nyuma ya daftari langu, kama ilivyokuwa haki ya Msimulizi.

Ilisimama kumi na saba. Naiona mpaka leo, tarakimu zake zimefifia, imeegemea pembe ya kurasa. Nikaiokota.

"Nne," nilisema.

"Mbona umeiokota mbio?" aliuliza Zuleikha.

"Nne. Mkuki umemwingia ubavuni. Amekufa. Simai, futa uhai wako kwenye karatasi."

Ukafuta. Ulifuta kwa raba, polepole, ukapuliza vumbi la raba lisiingie kwenye kahawa ya wenzako. Rashid akasema si aliwaambia toka mwanzo. Mimi nikatia langu, nikasema kila siku nawaambia, mnyama wa mchawi ni mzigo, hana faida, leo mmeona.

"Haya hayamo kitabuni, Nassor," ulisema. Hukupandisha sauti.

"Kwani ana nini leo?" Rashid aliuliza. "Mchezo tu huu."

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema tule kashata. Nilisema, "Mwache. Linamuuma kwa sababu babu yake alikuwa mfuga chui wa kweli."

Chumba cha pili mama alikuwa na wageni, mamkubwa wangu na majirani wawili, wanakunywa kahawa. Mazungumzo yao yalikatika. Ulikunja karatasi yako mara nne ukaitia mfukoni, ukaenda kuvaa viatu kwenye ngazi. Hukusahau adabu. Ulisimama mlangoni kwao ukasema, "Bi Salma, nshaondoka, kwa heri." Mama alikujibu. Wale wengine hawakukujibu.

Watu wa mjini tunajisifu kwamba mambo hayo ni ya shamba. Mamkubwa wangu alisoma, ana vitabu kabatini, na ndiye aliyempigia mama kelele jioni ile kwamba ameingiza nini nyumbani kwake. Siku chache baadaye habari zilikuwa zimeshavuka zimefika Ng'ambo. Hakuna aliyemtukana Bi Pili. Watoto waliacha tu kutumwa vitumbua kwake asubuhi. Nilipita mara moja, jua limeshapanda, nikaona sinia lake limejaa, vimekauka, na yeye ameketi nyuma yake akipepea nzi kwa kawa ya kufunikia chakula. Sikumwamkia. Nilijifanya natazama kitu upande wa pili wa njia, na sikupita tena mtaa ule.

Skuli wavulana walikuwa wakikungurumia kwa nyuma. Ulivumilia. Siku moja ulinisubiri getini, na naamini ulitaka kuniuliza swali moja tu, na swali lenyewe nalijua. Nikarudi darasani kama niliyesahau daftari, nikakaa kwenye dawati mpaka ukaondoka. Kabla ya mitihani uliacha skuli. Bi Pili naye alihama. Wenzetu waliniuliza kwa nini Simai ameacha, nami nilisema wenyewe mnawajua watu wa Uroa, wanapenda kwao.

Mchezo ulikufa. Kitabu nilikigawa, dadu sijui zilikwenda wapi. Zuleikha hakuniuliza tena kuhusu ile nne na mimi sikumwambia. Ataisoma hapa kama watu wengine.

Miaka ikapita, nikaoa, nikawa mwalimu, tena wa Kiingereza, kwa yale yale ya kitabu. Nilisikia umepata kazi ya jikoni katika hoteli moja ya pwani kwenu na kwamba wageni wanausifu mchuzi wako wa pweza. Nilikuona mara moja tu, sokoni mjini, umebeba kapu la ndimu. Uliniona kabla sijakuona, ukanyanyua mkono. Nikainama kuchagua tungule. Nilichagua tungule, Simai, moja baada ya moja, mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au napima. Nilipoinuka ulikuwa umekwenda.

Mwaka jana Rashid alinipigia simu kutoka Maskati alikohamia. Tukakumbushana ya zamani, naye akacheka akauliza kama namkumbuka chui wa Simai, na kwamba hesabu yake ilikuwa sawa. Nilicheka naye. Nilipoweka simu nilijiona mchafu. Mnyama yule alikuwa na faida, na wewe ulitueleza mapema kwa maneno ambayo hata mtoto angeyafahamu. Ulitaka mchawi wako awe na kiumbe ambacho kikiguswa na yeye anaguswa. Mimi katika ujana wangu sikuwa na kiumbe kama hicho. Rafiki yangu aliumia mbele ya macho yangu, nami siku ile nilikula nikashiba.

Kisha ikaja habari yako. Homa ya siku chache, walisema, na hukuwa umefika hata miaka arubaini. Nilikwenda Uroa asubuhi ile ile. Nilidhani nitakaa nyuma, nizike, niondoke, lakini Bi Mize alikuwa ameshaniona, akaagiza niitwe mlangoni. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nassor, mwanangu, umekuja," alisema. "Simai mjini alikuwa hana anayemtaja ila wewe. Sahibu yangu Nassor, sahibu yangu Nassor." Akawageukia wanawake waliokuwa naye. "Huyu ndo yule." Wote wakanipa pole. Kisha akanivuta karibu kidogo. "Hebu nambie weye, maana yeye kanificha mpaka kafa. Skuli aliiachia nini? Nikimuuliza akinambia mjini kumemchosha."

Hukusema. Miaka yote hiyo, kwa mama yako mwenyewe, hukunitaja kwa ubaya. Nilisimama pale, mkono wangu uko ndani ya mikono yake, na nilikuwa na nafasi niliyokuwa sina toka siku ya dadu.

"Na mimi hakunambia, mama," nilisema.

Akatikisa kichwa, akaniachia, akasema niende nikale kwanza kabla ya maziko. Na nikala.

Tulipokusalia, mjomba wako alisimama mbele ya jeneza kama ilivyo desturi. Alisema marehemu alikuwa binadamu, ameishi na watu, na kama yupo hapa ambaye Simai alimkosea kwa neno au kwa tendo, ukoo unamwombea radhi, amsamehe. Watu wakajibu kwa pamoja. Nilikuwa safu ya pili, bega langu limegusana na la ndugu yako, na kinywa changu kilifunguka pamoja na vinywa vyao.

Nilisema, "Nimemsamehe."

Mimi, Simai. Nilikusamehe wewe.

Sauti ile naisikia nikiwa darasani, nikiwa mezani, nikitia udhu. Siwezi kukuomba radhi, sheria naijua, wakati wake ulikuwa pale getini na pale sokoni, na wewe ulinipa nafasi zote mbili. Lakini yupo mwenye haki ya kuujua mkono alioushika. Kesho nakwenda Uroa kumsomea mama yako barua hii, yote, na ile kumi na saba sitairuka. Naogopa sana. Pengine nikifika hapa atakuwa ameshaninyang'anya karatasi, au ameniamuru nitoke, na nitatoka. Akiniuliza kwa nini nilikula chakula chake, nitamwambia nilikula huku najua.

Pumzika, sahibu yangu. Mungu akupe makazi ambayo hakuna anayekuuliza wewe ni wa kizazi gani.

Mimi uliyekuwa ukimwita sahibu, ukanyamaza ili niendelee kuitwa hivyo,

Nassor